Hatamu Peke Yake Haiendeshi Farasi

 

Katika lugha yetu tuna msemo ambao hatuuchoki: kushika hatamu. Mtu akipewa uwaziri, tunasema ameshika hatamu. Chama kikishinda uchaguzi, kimeshika hatamu. Hata baba akisafiri, majirani husema sasa mama ndiye mwenye hatamu za nyumba. Msemo huo umetoka kwa farasi, mnyama ambaye wengi wetu wa mjini humwona siku ya gwaride, au siku ya mashindano katika uwanja wa Ngong hapa Nairobi. Nami leo nauliza: je, ni kweli kwamba anayeshika hatamu ndiye anayemwongoza farasi? Jibu langu ni kwamba hilo ni kweli kwa kiasi kidogo sana.

Tuanze na hesabu. Farasi mkubwa wa kupandwa hufika kilo 500 hivi. Binadamu anayekaa mgongoni mwake ana kilo 60 au 70. Wakivutana kwa nguvu, binadamu hana lake. Basi ni kitu gani kinachomfanya mnyama yule asimame, ageuke, aondoke mbio au arudi nyuma kwa matakwa ya kiumbe mdogo kiasi kile?

Mtazame farasi pale nzi anapotua ubavuni mwake. Ngozi ya mahali pale pale hutikisika na nzi akaruka. Farasi hakugeuza kichwa wala hakuinua mguu. Chini ya ngozi yake kuna msuli mwembamba kwa kazi hiyo. Hali kadhalika macho yake yamewekwa pembeni mwa kichwa, hata anaona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Huyu ni mnyama wa kuwindwa. Mababu zake waliponea kwa kusoma dalili ndogo majanini kabla simba hajajitokeza. Sasa nambieni, anayehisi uzito wa nzi, atakosa kuhisi mtu wa kilo 70 akiegemea kushoto?

Ndiyo maana mafunzo ya farasi ni mafunzo ya mwili wa mpandaji kwanza. Nilipata bahati ya kukaa asubuhi nzima katika banda moja nje ya jiji, nikimtazama saisi mmoja mzee akimfunza farasi kijana. Saisi, kwa wasiojua, ni yule mtunzaji wa farasi anayemlisha, anayemsugua na anayemzoeza. Mzee yule hakupanda kwanza. Alisimama ubavuni, akaweka vidole mahali ambapo siku moja mguu wa mpandaji utagusa, akakandamiza kidogo, akangoja. Farasi akazubaa. Mzee hakuongeza sauti wala hakupiga. Aliongeza uzito wa vidole taratibu. Farasi aliposogeza mguu hatua moja tu, vidole vikaondoka papo hapo.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona umeachia upesi hivyo? Si ungemsukuma aendelee?"

Akacheka. "Bwana, kumbana si kumfundisha. Anajifunza pale ninapomwachia. Nikichelewa kuachia, atajuaje kwamba amefanya nilichotaka?"

Maneno hayo ndiyo msingi wa kazi yote. Huja kwanza ishara ndogo. Asiposikia, huja kubwa kidogo. Akitii, ishara hukoma mara moja, na kukoma kwake ndiko kushukuriwa kwake. Siku zikipita, farasi hugundua kwamba akiitika ile ndogo, ile kubwa haiji kabisa. Tangu hapo mpandaji hahitaji nguvu.

Akishapandwa, ishara huwa za mwili mzima. Mpandaji akitaka kusimama, hukaa wima, hutoa pumzi, na kiuno chake huacha kufuata mwendo wa mgongo wa farasi. Vidole hufumbwa juu ya hatamu, basi, bila kuvuta. Akitaka kugeuka kulia, hutazama kulia. Kichwa kikigeuka, mabega hufuata, mabega yakigeuka, nyonga hufuata, na uzito juu ya tandiko hubadilika. Mguu wa kushoto hurudi nyuma kidogo na kugusa ubavu, ule wa kulia hubaki mahali pake. Mtazamaji aliye mbali huapa kwamba hakuona kitu, kana kwamba farasi amesoma mawazo.

Kuna sharti moja tu: ishara moja, maana moja. Mpandaji asiyetulia, ambaye visigino vyake hugonga mbavu kila hatua bila kukusudia, humfundisha farasi kupuuza visigino. Kesho atagonga kwa nguvu, kesho kutwa ataomba kiboko. Watu watasema farasi yule ni mkaidi. La hasha! Farasi yule ameota sugu, na aliyemwotesha ni mpandaji.

Sasa nawapeleka Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Alikuwako mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, aliyekuwa na farasi aitwaye Hans. Farasi huyo aliulizwa hesabu za kujumlisha na kutoa, naye akajibu kwa kugonga ukwato chini. Tatu na nne? Akagonga mara saba, akaacha. Mwaka 1904 iliundwa kamati ya wataalamu kumchunguza, nayo haikuona hila yoyote. Hapo ndipo alipoingia kijana mmoja mtafiti, Oskar Pfungst. Yeye alijaribu jambo dogo: alimpa Hans swali ambalo mwulizaji mwenyewe hakujua jibu lake. Hans akashindwa. Akafanya Hans asimwone mwulizaji. Hans akashindwa tena.

Siri ikafichuka. Mwulizaji alipomaliza swali aliinamisha kichwa kidogo kutazama ukwato, na mwili wake ukakazana kwa kungoja. Ukwato ulipofika hesabu iliyo sawa, kichwa kiliinuka kidogo mno bila mwenyewe kujua. Hans aliona, akaacha kugonga. Pfungst aliyaandika hayo katika kitabu mwaka 1907.

Wengi walimcheka farasi, kwamba kumbe hajui hesabu. Mimi namvulia kofia. Alikuwa akisoma miili ya maprofesa waliodhani wanamsoma yeye. Na hapo pana onyo kwa kila mpandaji: farasi hasomi ishara ulizokusudia peke yake. Husoma pia hofu yako, hasira yako na pumzi uliyoizuia kifuani.

Onyo hilo dunia nzima ililiona Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa mwaka mmoja na Korona. Katika mchezo ule wa mashindano matano, yaani upanga, kuogelea, farasi, kukimbia na kulenga shabaha, mshindani wakati huo hakupanda farasi wake. Alipewa kwa kura farasi asiyemjua, na dakika 20 za kuzoeana naye. Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa akiongoza. Kura ikampa farasi Saint Boy, ambaye alikuwa amekwisha kumgomea mpandaji mwingine kabla yake. Farasi alikataa kuingia, akakataa kuruka. Schleu akawa analia huku akimpiga fimbo. Kocha wake akampigia kelele azidi kupiga, na yeye mwenyewe akampiga farasi ngumi. Kocha akaondolewa katika michezo iliyobaki, na Schleu akaporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 31. Novemba mwaka huo huo shirikisho la mchezo huo likatangaza kumwondoa farasi, na Paris 2024 ikawa mara ya mwisho.

Mimi simhukumu binti yule. Sheria zilimpa dakika 20 za kujenga jambo linalojengwa kwa miezi. Lakini tazameni kilichotokea. Mpandaji analia, mwili umekakamaa, hatamu zimevutwa, na fimbo inasema nenda. Juu pameambiwa simama, nyuma pameambiwa kimbia. Farasi afuate lipi? Alifanya ambalo hata mtu mwenye akili zake angelifanya: aligoma.

Ndugu wasikilizaji, huenda mtu akaniambia, "Bwana, haya ya farasi yanatuhusu nini sisi wa vyumba viwili na kodi ya nyumba?" Naam, farasi ni wachache kwetu, lakini punda tunao. Tunamwona kila asubuhi akivuta mkokoteni wa maji, wa mchanga au wa magunia, na kijana nyuma yake akimchapa kila hatua, apande mlima, ateremke, asimame au aende. Kipigo cha kila hatua si amri tena, ni mvua, na mvua mnyama huivumilia tu. Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza punda mwenyewe alifadhiliwa nini?

Kijana yule mwenye mkokoteni anaweza kuanza kesho bila senti moja. Atoe neno kwanza, neno lile lile kila siku. Asubiri. Punda akipiga hatua, anyamaze na fimbo ikae chini. Akishika hilo kwa majuma machache, ataokoa jasho lake na mgongo wa mnyama anayemlisha.

Nimalizie pale nilipoanzia. Tunaogombania hatamu, nyumbani, ofisini na hata huko juu zaidi, tukumbuke kwamba hatamu ni ngozi tu iliyofungwa mdomoni. Walio chini yetu wanasoma mwili mzima. Baba anayesema "niambie ukweli" huku ngumi imekunjwa amekwisha kutoa amri mbili. Bwana mkubwa asiyejua kuachia pale mtu wake anapofanya vema asishangae akikuta ofisi nzima imeota sugu. Kubana kila mtu anaweza. Mzee wangu wa bandani anajua kuachia kwa wakati, na farasi wake humwendea mwenyewe akimwona langoni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.