Saa Nane Usiku



Twataka leo kunena juu ya jambo ambalo wengi hawalisemi hata kwa waume au wake zao. Mtu amelala vema. Mara, yapata saa nane usiku, anazinduka kana kwamba ameitwa kwa jina. Nyumba iko kimya, mbwa hawabweki, komeo la mlango liko vilevile alivyoliacha. Lakini moyo wake unakwenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima kwa kukimbia. Jasho linamtoka, vidole vyafa ganzi, naye asema moyoni: “Nakufa.” Baada ya dakika kumi hivi, au robo saa, mapigo yapungua, hofu yabaki. Asubuhi aulizwapo, “Umeamkaje?” ajibu, “Salama,” kama sote tujibuvyo.

Watu hawakosi maelezo. Mmoja atasema ni jinamizi. Wa pili atasema ni jirani aliyetuma kitu. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mtu wa kanisa, atasema ni uchache wa imani. Katika hao watatu, sisi tulikuwa yule wa tatu, na yafaa tuungame mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, katika parokia tuliyoihudumia, alitujia mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. “Baba,” akasema, “usiku moyo hunipiga kama ngoma, naogopa hata kulala.” Tukamwuliza kama husali kabla ya kulala. Akasema husali. Tukamwambia azidishe, tukampangia novena, akaenda zake. Baada ya mwezi mmoja akarudi, amekonda, mikono yamtetemeka hata rozari ikitikisika vidoleni. Tukamwambia, “Mama, usimpe Shetani nafasi.” Mara ya tatu hakuja kwetu. Alikwenda zahanati, na mwuguzi wa pale, kabla hajamwuliza neno, alimtazama shingo, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Kumbe tezi ya shingoni ilikuwa imezidisha kazi yake; nayo ikizidisha kazi, moyo huenda mbio mchana na usiku, mwili hukonda na mikono hutetemeka, hata mgonjwa angekuwa mtakatifu. Alipewa dawa, akapata nafuu. Tulipokwenda kumwomba radhi, alitukaribisha chai, kisha akasema kwa upole: “Ulinihimiza kusali, Baba, nami nashukuru. Lakini hukunitazama shingo.”

Hatujalisahau neno hilo. Tena hatukuwa na udhuru, kwa maana Maandiko yalikwisha kutuonya. Eliya alipolala chini ya mretemu, amechoka na maisha, akiomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ya kwenda Horebu ilikuja baadaye.

Basi tuuangalie mwili kwanza. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Juu ya figo zetu ziko tezi mbili ndogo, na hofu ikija humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini, ambacho huharakisha moyo ili mtu apate kukimbia au kupigana. Ajabu ni kwamba jambo hilo laweza kutokea mtu akiwa usingizini, pasipo ndoto anayoikumbuka. Vilevile upungufu wa damu waweza kuukimbiza moyo. Hata kahawa nzito, baadhi ya dawa za pumu, na pombe ya jioni inapoanza kuisha mwilini. (Wanaosema wanakunywa ili walale, na walifikiri hili.) Lakini mwenye kuumwa kifua, maumivu yakienda mkononi au tayani, au anayekosa pumzi alalapo chali, au anayezimia, asingoje kupambazuke, wala asitungoje sisi. Amwamshe aliye karibu, wakatafute gari. Hakuna mume wala mke mwema atakayechukia kuamshwa kwa ajili hiyo.

Wapo pia waliopimwa wakaambiwa kwamba moyo wao ni mzima. Wengi wa hao wana hofu iliyokuja yenyewe, ambayo waganga wa hospitali waijua na huitibu. Si dhambi, wala tusiwatafutie dhambi. Lakini wapo wachache ambao usiku una hesabu nao.

Katika sura ya 6 ya kitabu cha Esta, mfalme Ahasuero, mtawala wa majimbo 127, alikosa usingizi. Angaliweza kuwaita waimbaji, au kuagiza divai. Aliagiza kitabu cha kumbukumbu za utawala wake kisomwe mbele yake. Kikasomwa, hata wakafika palipoandikwa kwamba Mordekai alifichua njama ya matowashi wawili waliotaka kumwua mfalme. Akauliza, mtu huyo ametendewa heshima gani? Wakamjibu kwamba hakutendewa lolote. Na wakati huo mti wa mikono 50 ulikuwa umekwisha kusimamishwa na Hamani, ili Mordekai atundikwe juu yake! Kitabu hicho, katika Kiebrania chake, hakilitaji jina la Mungu hata mara moja, wala hakisemi ni nani aliyemnyima mfalme usingizi.

Habari hizo tulimsimulia mfanyabiashara mmoja ambaye alikuwa amepimwa mara mbili asionekane na ugonjwa. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema kwamba nyumbani kwake yumo binti wa kazi ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi saba, kwa kuwa, alivyozoea kusema, “hana matumizi.” Kesho yake alimlipa yote, akaongeza na nauli ya kwenda kumwona mamaye. Kama usiku ule alilala, hakutuambia, nasi hatukumwuliza. Binti alisafiri kwa basi la alfajiri.