Kuirudia Imani Ukubwani: Kuuliza, Kuelewa na Kuishi

Tunapenda kuzungumza na waamini ambao ni wengi, ingawa ni nadra kutajwa katika matangazo ya parokia. Hao ni watu wazima waliobatizwa wakiwa wachanga, wakajifunza katekisimu utotoni, wakapokea Komunyo ya Kwanza na pengine Kipaimara, kisha wakaiacha imani kimya kimya, bila kugombana na mtu yeyote. Sasa wana umri wa miaka thelathini, arobaini au hamsini, na kuna kitu kinawaita warudi.

Wito huo huja kwa njia nyingi. Mmoja huulizwa na mtoto wake kwa nini abatizwe. Mwingine, anayefanya kazi Doha au Muscat, humwona mwenzake Mwislamu akiacha kazi kwa dakika chache ili asali, naye hujiuliza lini alisali mara ya mwisho. Mwingine hufiwa na mama yake akiwa ugenini, asiweze kurudi nyumbani kwa maziko, na sala alizofundishwa na mama huyo zikamrudia mdomoni. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba majibu yote aliyo nayo juu ya Mungu ni yale aliyoyakariri akiwa na miaka tisa. Majibu hayo hayakuwa ya uongo, bali yalitolewa kwa kipimo cha mtoto, naye anayeuliza leo si mtoto tena.

Swali ni hili: mtu wa namna hiyo aanzie wapi? Je, aelewe kwanza, ndipo arudi? Au arudi kwanza, ndipo aelewe?

Mpendwa msikilizaji, tumwangalie mtu mmoja aliyelipitia swali hilo. Mtakatifu Charles de Foucauld alizaliwa Strasbourg, nchini Ufaransa, mwaka 1858. Alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na babu yake. Alipokea Komunyo ya Kwanza mwaka 1872, lakini katika ujana wake imani ilimpotea kabisa. Akawa ofisa wa jeshi, na kwa muda akaishi maisha ya anasa. Mwaka 1883 aliingia Moroko akiwa amejigeuza kwa mavazi ya rabi wa Kiyahudi, kwa kuwa Wakristo hawakuruhusiwa kuizunguka nchi hiyo kwa uhuru, akaipeleleza kwa takriban mwaka mzima. Kilichomgusa huko ni kuwaona Waislamu wakisali, watu walioishi daima mbele ya Mungu. Kwa hiyo mtu huyu wa Strasbourg alianza kuisogelea tena imani ya ubatizo wake kwa kuona ibada ya watu wa dini nyingine.

Aliporudi Paris alianza kuingia makanisani, akirudia sala fupi ya kumwomba Mungu, kama yupo, amjalie kumfahamu. Ndugu yake mmoja wa kike, mwanamke mwenye akili na imani thabiti, alimfanya afikiri kwamba dini inayoshikwa na mtu kama huyo haiwezi kuwa upuuzi. Ndipo mwishoni mwa Oktoba 1886 alipomwendea Padre Henri Huvelin katika Kanisa la Mtakatifu Augustino, akaomba afundishwe dini. Padre alimwambia apige magoti na kuungama. Charles aliungama, na papo hapo akatumwa kwenda kupokea Komunyo.

Tukio hilo laweza kueleweka vibaya. Wapo watakaosema: basi, maswali hayana maana, wewe tii tu. Lakini maisha yake yaliyofuata hayasemi hivyo. Tangu siku ile Charles hakuacha kujifunza. Alihiji katika Nchi Takatifu, akaingia utawani, akaitafakari Injili kwa miaka mingi huku akiandika, na akapadrishwa mwaka 1901. Alipokuwa Tamanrasset, katika jangwa la Algeria, aliandaa kamusi kubwa ya lugha ya Watuareg. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Padre Huvelin hakumzuia kuuliza. Alitambua kwamba mtu yule alikuwa ameuliza kwa muda mrefu akiwa nje ya mlango, na kwamba majibu yaliyobaki yangepatikana ndani. Kuna mambo katika imani yanayofahamika kwa kuyatenda, kama vile mtu asivyoweza kujifunza kuogelea akiwa amesimama ufukweni.

Hata hivyo, si kila anayerudi anafanana na Charles. Mwingine anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza na kumjibu kwa subira, na Kanisa linalijua jambo hilo. Sisi watu wa Afrika Mashariki tusisahau kwamba wengi wa Wakristo wetu wa kwanza walijifunza imani wakiwa watu wazima. Mtakatifu Matia Mulumba wa Uganda alikuwa mtu mwenye cheo na familia. Alikuwa amejifunza Uislamu, kisha mafundisho ya Waanglikana, kabla ya kuwaendea Wamisionari wa Afrika, waliofika Buganda mwaka 1879. Alibatizwa mwaka 1882, na Mei 1886 aliuawa kwa ajili ya imani hiyo, miezi michache tu kabla ya Charles kupiga magoti kule Paris. Mwanzilishi wa shirika hilo la wamisionari, Kardinali Charles Lavigerie, aliagiza kwamba wakatekumeni waandaliwe kwa miaka minne kabla ya Ubatizo. Mababu zetu walipewa muda wa kuelewa. Sisi wajukuu zao tulibatizwa mikononi mwa mama zetu, na hiyo ni neema kubwa, lakini muda ule wa kuelewa unatudai bado.

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano waliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, na utaratibu wake mpya ukatolewa mwaka 1972. Mwaka 1979, katika waraka wake juu ya katekesi, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo iliyo kuu kati ya zote, kwa sababu inawahusu watu wenye majukumu makubwa zaidi na uwezo wa kuupokea ujumbe wa Kikristo katika ukamilifu wake. Basi, mtu mwenye miaka arobaini na mitano anayeomba kufundishwa asione haya. Waswahili husema, kuuliza si ujinga.

Mpendwa msikilizaji, kuelewa kiutu uzima kunaleta tofauti gani? Tuchukue mfano wa Misa Takatifu. Mtoto huijua Misa kama saa moja ya kukaa kimya, kusimama na kupiga magoti. Mtu mzima anaweza kusoma habari za Mtakatifu Justino, mwanafalsafa aliyezaliwa Nablus, akaipokea imani ukubwani baada ya kuzipitia shule mbalimbali za falsafa. Karibu mwaka 155, akiwa Roma, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kuwatetea Wakristo, akamweleza wanafanya nini wanapokusanyika siku ya Jua, yaani Dominika. Yanasomwa maandiko ya mitume na manabii. Kiongozi wa ibada anatoa mahubiri. Wote wanasimama na kusali. Unaletwa mkate, divai na maji. Kiongozi anatoa shukrani, na watu wanaitikia Amina. Kisha mashemasi wanawapelekea Komunyo wale ambao hawakuweza kufika.

Huo ndio mpangilio wa Misa iliyoadhimishwa wiki hii Songea, Bukavu, London na Muscat. Justino anaongeza jambo moja ambalo msikilizaji aliye mbali na nyumbani atalipokea kwa namna ya pekee. Sadaka iliyokusanywa ilitumika kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tangu mwanzo, basi, mgeni alikuwa na fungu lake katika sadaka ya jumuiya. Anayelielewa hilo haendi tena kanisani kwa mazoea, wala hatampita mgeni mlangoni bila kumsalimu.

Ndivyo ilivyo pia kwa Sakramenti ya Kitubio. Mtoto huiona kama orodha ya makosa ya kusomwa mbele ya mkubwa. Mtu mzima anayeisoma tena sura ya 15 ya Injili ya Luka humwona baba anayemkimbilia mwanawe angali mbali, kabla mwana hajamaliza maneno aliyoyapanga.

Kwa anayetaka kuanza, njia zipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ina aya 2865 na sehemu kuu nne: yale tunayoyasadiki, Sakramenti tunazoziadhimisha, maisha tunayoyaishi, na sala. Hakuna anayelazimika kuisoma yote kwa mfululizo. Mtu aanze na swali linalomsumbua. Amwendee paroko au katekista. Ajiunge na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, mahali ambapo Neno la Mungu husomwa na watu wanaofahamiana. Na ahudhurie Misa hata kabla maswali yake hayajaisha.

Lakini wapo wenye mzigo mzito zaidi. Yupo ambaye hali ya ndoa yake haijakaa sawa mbele ya Kanisa, akadhani mlango umefungwa. Yupo aliyejeruhiwa na mtumishi wa Kanisa, na kila aingiapo kanisani kidonda huamka. Kwa wa kwanza tunasema: hujatengwa na familia ya Mungu, mtafute mchungaji mwenye hekima, aitazame hali yako pamoja nawe hatua kwa hatua. Kwa wa pili tunasema: una haki ya kusikilizwa na kutendewa haki, na asitokee mtu wa kukuambia kwamba kidonda chako ni uhaba wa imani.

Mpendwa msikilizaji, imani uliyopewa utotoni ilikuwa mbegu, na mbegu haidharauliwi kwa kuwa ni ndogo. Kama maswali yako yamekua kuliko majibu uliyonayo, usiyafiche. Yapeleke mbele ya Mungu na mbele ya Kanisa lake, na wakati huohuo anza kusali, hata kwa sala fupi kama ile ya Charles.