Dawa ya Kiungulia na Mzigo wa Ushahidi



Katika maradhi yanayomuudhi mwanadamu bila ya kumlaza kitandani, kiungulia ni mojawapo. Na kwa kuwa hakitishi, dawa yake humezwa kwa moyo mkunjufu, miaka nenda miaka rudi, pasi na mmezaji kuitilia shaka. Ranitidini, iliyosifika zaidi kwa jina la Zantac, ilibuniwa na wataalamu wa kampuni ya Glaxo mjini Ware, Uingereza, ikaingia sokoni mwaka 1981, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa ndiyo dawa iliyouzwa kwa fedha nyingi kupita zote duniani.

Mwezi wa Septemba 2019 maabara ya Marekani iitwayo Valisure iliiarifu mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo kwamba imekuta katika vidonge hivyo sumu ya NDMA, ambayo tangu mwaka 1956, Magee na Barnes walipowalisha panya, imejulikana kuzusha uvimbe wa saratani katika maini ya wanyama. Kadiri inayovumiliwa kwa mtu ni nanogramu 96 kwa siku. Valisure iliipasha dawa moto uliopita mno joto la mwili, na kwa hilo ililaumiwa kwa haki. Walakini uchunguzi wa mamlaka yenyewe ulibainisha kwamba sumu hiyo huzaliwa ndani ya kidonge chenyewe, ikazidi kadiri kinavyokaa ghalani, hasa penye joto, hata tarehe 1 Aprili 2020 ikataka ranitidini yote iondolewe madukani. Nasi tunaoishi pwani ya Afrika Mashariki, tunaoyajua maghala yetu mwezi wa Februari, tuna sababu ya kuisikiliza habari hiyo kwa makini.

Wagonjwa wa saratani waliokuwa wameitumia wakaenda kwa mawakili, wakakuta sheria inawadai mambo mawili: kwanza, kwamba dawa ile, kwa kadiri waliyoimeza, yaweza kumtia mwanadamu saratani, pili, kwamba ndiyo iliyomtia mdai huyu aliyesimama mbele ya mahakama. La pili ni zito, maana uvimbe hauna alama ya kumtaja aliyeusababisha, na saratani ya kibofu iliyoletwa na tumbaku haipambanuki kwa macho na iliyoletwa na sumu nyingine. Lakini wengi hawakulifikia hilo la pili. Tangu hukumu ya Daubert ya mwaka 1993, hakimu wa shirikisho nchini Marekani ni bawabu wa elimu: shahidi mtaalamu asiyeonyesha njia thabiti ya kuufikia uamuzi wake haruhusiwi kusema. Tarehe 6 Desemba 2022, huko Florida, Jaji Robin Rosenberg, katika uamuzi wa kurasa 341, aliwakataa wataalamu wote wa wadai juu ya saratani za aina tano, na maelfu ya madai yakaanguka kabla ya kusikilizwa. Katika jimbo la Delaware jaji aliwaruhusu wataalamu wa wadai mwaka 2024, mlango ukafunguka kwa madai zaidi ya 70,000. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaubatilisha uamuzi huo Julai 2025. Kati ya nyakati hizo, Oktoba 2024, kampuni ya GSK, mrithi wa Glaxo, ilikubali kutoa hadi dola bilioni 2.2 kumaliza madai yapatayo 80,000, bila ya kukiri kosa. Gawanyeni: ni wastani wa dola 27,500 kwa mtu, kabla ya wakili kukata ujira wake.

Simlaumu Jaji Rosenberg. Jaribio la mwaka 2021 juu ya watu wenye afya halikuonyesha kwamba ranitidini huongeza NDMA katika mkojo wao, na sitaki mgonjwa apewe haki kwa kuidhulumu elimu. Lakini mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa na vidonge, vipimo, maghala na karibu miaka 40 ya kuchunguza, ilhali mgonjwa aliyenunua dawa bila ya cheti cha tabibu hana hata risiti. Na kila lisilochunguzwa na yule limehesabiwa kuwa upungufu wa huyu. Hiyo si insafu, ijapokuwa ni sheria.

Marekani yenyewe inajua njia nyingine. Katika mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, kila dozi ya chanjo iliyomo katika mpango huo hutozwa senti 75 kwa kila maradhi inayoyakinga, fedha hizo hutiwa katika mfuko, na aliyepata dhara lililotajwa katika jedwali, kwa muda uliowekwa, hahitaji kuthibitisha kosa la mtengenezaji wala kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru. Saratani, inayochelewa miaka mingi, haiwezi kuingizwa katika jedwali kama lile bila ya kurekebishwa. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba, palipothibitika dawa kuuzwa ikiwa na sumu kupita kadiri, shaka iliyobaki juu ya matokeo yake igawanywe baina ya muuzaji na mgonjwa, na mfuko wa watengenezaji ulipe sehemu ya muuzaji.

Nawaomba watunga sheria wa Kenya, Tanzania na Uganda waandike kanuni ya namna hiyo sasa, na wawalazimishe waagizaji wa dawa kuzipima katika joto la maghala yetu na kuzihifadhi hati za vipimo hivyo, ili mgonjwa atakayekuja kudai akute ushahidi upo.