Picha ni Shahidi Mmoja
(Hotuba kwa wananchi, Lumakanda)



Mwaniuliza: je, ni halali kumrekodi kwa simu askari aliye kazini hadharani? Ni halali. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Mradi usimzuie askari kutimiza kazi yake, kwani hilo ni kosa.

Lakini picha pekee haitoshi. Januari 2008, mjini Kisumu, vijana wawili walipigwa risasi wakafa, na kamera ya KTN ikanasa tukio hilo. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia huru: nambari ya bunduki iliyochunguzwa haikulingana na ya ile aliyokabidhiwa.

Maandiko yadai mashahidi wawili au watatu. Basi ukirekodi, usifute wala kukata lolote. Andika saa, mahali na nambari ya askari. Tafuta aliyeona pamoja nawe. Peleka nakala kwa IPOA. Nawe uwe tayari kutia sahihi hati ya kuithibitisha picha mahakamani.

Anayerekodi kisha akakimbia kizimba ameiacha haki njiani.