Tumaini Baada ya Msiba

Maneno yetu ya leo ni juu ya jambo lisilobagua nyumba ya tajiri wala ya maskini, nalo ni msiba. Hakuna kijiji kisichochimba kaburi. Basi twauliza: Mkristo aliyefiwa hupata wapi tumaini? Hatutaki kujibu kwa maneno matupu, bali kwa habari za watu waliokaa pwani hii zamani.

Mwaka wa 1844 alifika Mombasa mtu wa Ujerumani, jina lake Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misioni cha C.M.S. cha Uingereza. Alikuja pamoja na mkewe, Rosine. Kabla ya hapo walikuwa katika nchi ya Habeshi, na huko, safarini nyikani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake kutimia. Mtoto hakuishi. Baba yake alimpa jina la Eneba, na maana yake kwa lugha ya nchi ile ni chozi. Liangalieni jina hilo. Krapf alikuwa mhubiri, lakini hakuuficha uchungu wake kwa jina zuri. Chozi aliliita chozi.

Huko Mombasa kilio kilirudi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alizaa mtoto mwingine wa kike. Homa ikaingia nyumbani, ikamshika mama, ikamshika na baba. Baada ya siku chache mama akafa, na mtoto naye akamfuata. Rosine alikuwa ametaka azikwe bara, ng'ambo ya maji, mahali wapitapo watu, ili kaburi lake liwakumbushe habari aliyokuja kuwaletea. Akazikwa upande wa Kisauni, na kaburi lake lipo hata leo, mahali paitwapo Nyali.

Wako watu wadhanio ya kuwa imani ni kukauka macho. Matangani twasikia mtu akimwambia mfiwa, "Usilie, ni mapenzi ya Mungu." Neno hilo likisemwa upesi ni kama chumvi juu ya kidonda. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 11, twasoma ya kuwa Bwana Yesu alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro, naye alijua ya kuwa kitambo kidogo atamfufua. Ikiwa Yeye alilia, ni nani atakayemkataza mjane kulia? Hata desturi ya pwani yatufundisha hivyo. Mtu aingiapo nyumba ya msiba husema, "Makiwa!" na wenye msiba hujibu, "Tunayo." Hawasemi hawana. Hukiri mzigo walio nao, kisha jirani hukaa pamoja nao.

Lakini Mkristo akisha kusema "Tunayo," analo na neno la pili. Krapf aliwaandikia wakubwa wake huko Ulaya habari za kaburi lile, akawaeleza ya kuwa kwake yeye si dalili ya kushindwa, bali ni dalili kwamba saa ya kazi katika nchi hii imekaribia. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Baada ya mazishi aliirudia kazi ile ile. Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakajenga kituo Rabai. Mwaka wa 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Wala msidhani ya kuwa baada ya hapo njia ilinyoka. Wagner alikuja mwaka wa 1849, akafa mwaka huo huo. Pfefferle alikuja mwaka wa 1851, naye homa haikumwacha. Rebmann alifiwa na mkewe mwaka wa 1866, kisha macho yake yakaingia giza. Alikaa miaka 29, na walioamini walikuwa wachache mno. Mmoja katika hao wa kwanza alikuwa kiwete maskini, jina lake Mringe, aliyebatizwa kufa kwake kulipokaribia.

Basi tumaini la watu hawa halikusimama juu ya mavuno waliyoyaona, kwa maana hayakuwako mengi ya kuona. Lilisimama juu ya Kristo aliyetoka kaburini. Tangu mwaka wa 1875, karibu na kaburi lile la Rosine, palianzishwa kijiji cha Freretown, makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hao walikuwa wamepotewa na baba na mama na nchi yao, na msiba wao ulipita msiba wa wale waliowatangulia. Hapo walipewa mashamba na shule, na Neno la Mungu likasomwa kwao. Rosine hakuyaona hayo.

Ndugu uliyefiwa, lia, wala usione haya. Kisha, siku itakapofika, ushike tena jembe lako, au kitabu chako, au mtoto aliyebaki, hata kama mkono watetemeka. Usingoje huzuni iishe ndipo uanze, kwa kuwa huzuni nyingine hukaa nasi siku zote. Nawe jirani, usifanye haraka ya kuhubiri. Chukua maji na kuni, keti kimya, na tanga likiisha kuondolewa na watu wamekwenda zao, rudi tena. Siku hizo ndizo ndefu kwa mfiwa, na mara nyingi mlango ubishwao wakati huo ndio umfanyao aamini ya kuwa Mungu hajamsahau.

Kwaherini, na Mungu awafariji wote wenye msiba usiku huu.