Kitabu cha Pili Hushuka Chini
Mhadhara wa umma, Saza, Wilaya ya Songwe



Nimeombwa nizungumzie riwaya za kifantasia, nami nimechagua sehemu yake isiyo na bahati: kitabu cha katikati. Cha kwanza kina heshima ya kutufungulia ulimwengu mpya, cha mwisho kina vita na ushindi, na cha kati watu husema ni cha kupitia tu. Huku kwetu mara nyingi hicho cha kati ndicho kinachotufikia. Vitabu vya mitumba havina mpangilio: unaokota juzuu ya pili juu ya turubai, ya kwanza imebaki Uingereza, ya tatu hujui iko kwa nani. Je, msomaji huyo amepunjwa? Inategemea kitabu.

Kuna vitabu vya kati na kuna vipande vya kati. J.R.R. Tolkien aliandika The Lord of the Rings kama hadithi moja. Mchapishaji wake akaigawa mara tatu kwa kuogopa gharama. Juzuu mbili zikatoka mwaka 1954, ya tatu 1955. The Two Towers basi ni kipande. Kinawakuta watu wakiwa mbioni, shujaa Frodo haonekani mpaka nusu ya pili, na kinapokwisha yuko mikononi mwa adui. Aliyenunua hicho peke yake ana haki ya kurudi kwa muuzaji na kugomba.

Sasa tumtazame Mmarekani Ursula K. Le Guin. Mwaka 1968 alitoa A Wizard of Earthsea, habari za Ged, kijana wa ngozi ya kahawia mwenye kipaji cha uganga. Kitabu cha pili, The Tombs of Atuan, kilifuata mapema miaka ya 1970. Msomaji aliyempenda Ged anakifungua akimtafuta, anakutana na msichana asiyemjua. Anaitwa Tenar. Amechukuliwa kwa wazazi wake angali mtoto mdogo, akanyang'anywa hata jina, akafanywa kuhani wa nguvu za giza zisizotajwa. Milki yake ni mapango na njia za chini ya ardhi, na sehemu iliyo takatifu kuliko zote ni mwiko kuwasha taa. Anajifunza njia kwa kupapasa ukuta na kuhesabu kona. Kitabu kina sura 12, na nne zinapita Ged hajatokea. Anapotokea, anakuja kama mwizi.

Hapa Saza sina haja ya kueleza giza hilo. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, na wachimbaji wadogo wangali wanaifuata dhahabu ya eneo la Lupa ndani ya mwamba. Msomaji wa mjini anaweza kudhani msichana wa kukariri njia kwa kiganja ni chumvi ya mwandishi. Mtu aliyeshuka kwenye duara la mgodi taa ikamzimikia hatasema hivyo. Anajua pia kwamba aliye chini hana habari za juu ila zile anazoletewa, na Tenar ameletewa uongo tangu utotoni.

Kisha Ged anawasha mwanga kwa fimbo yake. Tenar, aliyejificha, anaona kwa mara ya kwanza mahali alipopatawala bila kupaona: kuta zinametameta kwa fuwele, pazuri kupita alivyowahi kuwaza. Hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha pili. Shujaa tuliyemsifu katika cha kwanza anatazamwa na mtu asiyemjua, akiwa mfungwa, ana kiu, uhai wake uko mkononi mwa msichana. Aliyesoma juzuu ya kwanza anajua kuwa Ged ni mtu mkubwa, hivyo hana hofu. Asiyeisoma anamshuku pamoja na Tenar, anasitasita naye, anachagua naye. Naamini huyu wa pili anakisoma vizuri zaidi.

Kwetu mfululizo si mgeni. Muhammed Said Abdulla alimtembeza mpelelezi wake Bwana Msa kutoka Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, hadi Kosa la Bwana Msa, 1984, na unaweza kuanzia popote. Lakini huo ni upelelezi. Kwa upande wa ajabu tuna Euphrase Kezilahabi: Nagona mwaka 1990, Mzingile 1991, vitabu vyembamba vinavyowatoa jasho walimu. Navipenda, ila nasema wazi kuwa Mzingile humwacha msomaji mpya bila mtu wa kumshika mkono, kama Tenar anavyotushika. Baada yake Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, hakuchapisha riwaya nyingine. Jozi ile haina cha tatu.

Kwa hiyo nina maombi. Waandishi vijana mnaopanga vitabu vitatu, msikifanye cha pili kuwa mahali pa kusubiria vita. Mpeni mtu mpya, na mumshushe mahali ambapo sifa za shujaa wenu hazijafika. Walimu, mwanafunzi akija na juzuu ya pili asiye na ya kwanza, msimrudishe. Na wewe mwenye kitabu cha namna hiyo nyumbani, unachokiahirisha mpaka upate cha kwanza, kifungue leo hii.