Tuyasome Maji Kabla ya Kutweka Tanga
Hotuba kwa manahodha na abiria wa vyombo vidogo, gatini Lamu



Msimu wa kusi umeingia. Upepo huu huchafua bahari nje ya visiwa, lakini huku ndani, kati ya mikoko, maji huonekana shwari. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Utazameni mlango wa bahari pale Shela. Maji yakipwa hutoka kwa kasi na kukutana na kusi ana kwa ana. Mawimbi husimama, na mashua iliyopakiwa kupita kiasi huingiza maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo huzidi nguvu. Na anayekwenda Pate akikosa maji ya Mkanda, asijaribu kuzunguka nje ya Manda jua likitua. Ni heri alale.

Twawaomba mambo matatu. Kwanza, nahodha ahesabu maji kabla ya kupakia. Pili, kila abiria, mtoto pia, avae jaketi la kuokolea maisha. Si la kukalia. Tatu, acheni nchi kavu majina ya waliopanda na saa ya kufika, ili mkichelewa ijulikane ni nani wa kutafutwa, na wapi.

Abiria, nahodha akisema leo hatutoki, msimshawishi kwa nauli. Arusi itangoja. Hata mazishi, bora kuyakosa kuliko kuyaongeza.

Mwende salama, mrudi salama.